Magugu Nyuma ya Tangi

Ukimwona kibarua anapalilia bustani ya wenyewe huku anaimba, usidhani kazi ni tamu. Ana lake jambo. Palizi naye alikuwa na lake, na alikuwa amelificha nyuma ya tangi la maji, pale ambapo Madamu hakuwa na sababu ya kukanyaga na viatu vyake vya wazi.

Jina la Palizi alipewa na mlinzi wa getini, yule aliyeitwa Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya jina, kupalilia: maua ya mbele, ukoka wa ubavuni, na vitalu vya nyuma ambako Madamu alipanda mboga za mbegu za paketi, akazimwagilia siku alizokumbuka. Mboga za paketi zilikauka. Magugu yakanenepa. Na utaratibu wa nyumba ile, tangu enzi za vibarua waliomtangulia Palizi, ulikuwa kwamba anayepalilia anaondoka na takataka zake, pipa la nje lisije likajaa.

Takataka zenyewe ndizo hizo: mchicha pori, mnavu, na lile gugu la kutambaa lenye vijani vinene vinavyoteleza mdomoni. Palizi alizijaza kwenye kiroba, akamuaga Kofia, akaenda nazo nyumbani, na huko zikaingia kwenye sufuria.

Aliyemfundisha ni mama mkwe wake. Bibi yule hakuwa amebakiwa na jino hata la kusingizia, ila ulimi alikuwa nao, tena mkali. "Gugu la kula usiling'oe na mama yake," alimwambia. "Kata juu, shina liache lizae. Na mnavu umwage maji ya kwanza, la sivyo utatuua kwa uchungu." Basi Palizi, aliyelipwa ang'oe, akawa anakata. Pale nyuma ya tangi, mahali bomba linapovuja, hata kukata alikata kwa ukucha, kidogo kidogo, na zilipokomaa mbegu alizipukuchua kiganjani akazirudisha ardhini. Tuseme ukweli wa Mungu: alikuwa analima. Alikuwa na shamba lake ndani ya bustani ya mtu, na huyo mtu alimlipa ili aliharibu.

Msimlaumu. Tangu mumewe aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika paja, ujira wa Palizi ulikuwa wa kodi, mkaa na viazi, na ukifika kwenye viazi umekwisha. Mume huyo, Fundi, alikuwa mwashi hodari, mtu wa kupima ukuta kwa jicho tu, sasa alikuwa analala kitandani anapima dari. Mkandarasi alimpeleka hospitali siku ile, akamwambia "pole, tutaonana," na hawajaonana hadi leo. Watoto wawili, msichana wa shule na mdogo wake aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, walikula viazi vitupu bila shida. Shida ilikuwa bibi. Kiazi kikavu kilimkwama kooni, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Alichoweza kumeza ni kiazi kilichopondwa na majani laini na mchuzi wake. Yale majani ndiyo yaliyokuwa yanamweka hai, na sisemi hivi kwa kupamba hadithi.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Mchana Palizi na Kofia walikuwa wakipika chakula chao kwenye mafiga matatu nyuma ya lile tangi. Siku hiyo Palizi alikuwa ameokota nusu kitunguu jikoni, na kitunguu kikipata mafuta ya moto hakina siri. Harufu ilipanda ikaingia dirishani. Mara wakasikia viatu.

"Nini hicho kinanukia?" Madamu aliuliza.

Kofia alisimama wima, kijiko kikiwa bado mdomoni.

"Majani tu, Madamu," Palizi alisema.

"Majani gani?"

"Haya haya ninayopalilia."

"Kumbe mnakula magugu yangu," Madamu alisema, akacheka, na kwa kweli hakuwa na ubaya. Akachukua kijiko cha Palizi, akakifuta kwa kitambaa chake, akakifuta tena, akaonja. Akatafuna. Akatulia. Akaonja tena, safari hii bila kufuta kijiko.

Hapo ndipo Palizi alipotakiwa kunyamaza. Lakini mtu asiyewahi kuulizwa chochote, siku akiulizwa, atafunga mdomo kwa nguvu gani? Tena mpishi wa nyumba ile alikuwa ameondoka wiki hiyo, na Palizi alijiona tayari amevaa aproni, yuko kivulini, mbali na jua la bustani. Basi akamwaga yote. Huu ni mnavu, unamwaga maji ya kwanza. Huu mchicha pori, hautaki moto mwingi. Hili la kutambaa unaliweka mwisho kabisa. Akamwongoza Madamu nyuma ya tangi akamwonyesha kila kichaka, kama mama anayemwonyesha mgeni watoto wake.

"Kumbe wewe ni hazina," Madamu alisema, akimshika bega.

Nyumbani jioni hiyo Palizi alisimulia mpaka mate yakamkauka. Fundi alijiinua kwa viwiko. "Ukiingia jikoni, mke wangu, tumepona. Mpishi hafi njaa."

"Kashanishika na bega," Palizi alisema.

Mama mkwe alikuwa akipukuchua majani kwenye ungo. "Na nyuma ya tangi amepaona?"

"Tulikuwa pale pale, mama. Nimemwonyesha."

Bibi aliendelea kupukuchua. "Haya," alisema baadaye, akausukuma ungo kando.

Jumamosi Madamu aliita rafiki zake chakula cha mchana, na Palizi akaitwa jikoni. Alipewa aproni ya mpishi aliyeondoka, mtu mwembamba, ikamziba mbele tu kama kibandiko. Akaambiwa avue ndala zake mlangoni, zina udongo. Akapika kwa moyo wake wote. Alikuwa na mafuta ya kutosha na chumvi isiyo na mchanga, na jiko lake lilitii kidole. Siku hiyo majani nayo yalimtii. Aliyapakua kwenye bakuli jeupe la udongo, akayabeba peku mpaka mezani.

Wageni walikula wakasahau kuzungumza. Halafu wakazungumza wote kwa pamoja. Hayana dawa, hayana mbolea, ndiyo waliyokula bibi zetu. Mmoja wao, mwenye mkahawa mjini, alichovya mkate kwenye mchuzi mpaka bakuli likang'aa.

"Haya mimi nayataka, shoga yangu," alisema. "Kila wiki, niletee mafungu. Wateja wangu watayagombania. Na huyu ndiye mpishi wako mpya?"

Palizi alisimama na sinia, akingoja.

"Huyu?" Madamu alisema. "Huyu ananipalilia bustani. Nimemwelekeza tu namna ya kupika."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kumsifu Madamu. Palizi naye akatabasamu, maana sinia lilikuwa zito na watu walikuwa wanamtazama. Moyoni alijisemea, mwache ajisifu, bora nipate jiko. Akakusanya vyombo.

Jioni aliweka majani yake kwenye kiroba, kama siku zote, akaenda getini. Kofia hakufungua. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada, leo nimeambiwa niangalie mfuko."

"Mfuko gani, kaka? Huu? Si takataka hizi hizi tunazokula wote mchana?"

"Najua."

"Sasa?"

"Nimeambiwa, dada yangu. Nina watoto."

Madamu alikuwa ameshatoka barazani. Alikuja taratibu, akafungua kiroba kwa ncha za vidole, akatazama ndani, na uso wake ukawa wa huzuni, uso wa mtu aliyeangushwa na ndugu yake.

"Ungeniomba tu," alisema. "Mimi si mtu mbaya. Kwa nini uchukue kimya kimya?"

Palizi angeweza kumwambia kwamba amekuwa akichukua waziwazi, kwa amri ya nyumba, tangu alipoanza kazi. Maneno yalimfika shingoni. Lakini alimkumbuka bibi, akayameza, akapiga magoti kwenye kokoto.

"Basi naomba, Madamu. Ni za mama mkwe wangu. Hana meno, hawezi kula kitu kingine."

"Pole sana," Madamu alisema, na alionekana kumaanisha. "Lakini leo haiwezekani, zimeshaagizwa. Wiki ijayo tutaona zitakazobaki." Akaingia ndani, akarudi na kipande cha keki kwenye karatasi. "Wapelekee watoto."

Kipande kilikuwa na alama ya meno upande mmoja. Watoto walikigawana, mdogo akalamba na karatasi. Bibi alikunywa maji ya moto, akasema ameshiba.

Jiko alilipata kijana aliyetoka chuo cha hoteli, mwenye shati lenye vifungo viwili viwili. Palizi akaamriwa amfundishe. Baada ya kumfundisha akarudi juani, na kazi yake sasa ikawa kubwa kuliko ya kwanza: avune yale majani, ayaoshe, ayafunge mafungu kwa ukili, ayapange kwenye kreti. Ujira ulikuwa ule ule. Magugu yasiyoliwa, ya miiba na ya kuwasha, hayo aliruhusiwa kuondoka nayo. Utaratibu wa nyumba haukubadilika.

"Ukiyataka mazuri," Madamu alimwambia siku moja kwa sauti ya ukarimu, "nitakuuzia kwa bei ya nyumbani. Nitakata kwenye mshahara."

Palizi alisema ahsante. Sijui kwa nini tunasema ahsante wakati kama huo. Labda ni mdomo tu, umezoea.

Alijaribu kwingine. Kiwanja kitupu karibu na kwao kilikuwa kimeshachumwa na wanawake wa mtaa mzima mpaka udongo ukawa unang'aa. Alichuma kando ya mfereji wa maji machafu, akaosha mara nyingi, akapika, na mtoto mdogo akaharisha mpaka akalegea. Fundi ndiye aliyebaki naye mchana kutwa, akimbadilisha nguo huku mguu wake mwenyewe umenyooka kama boriti, na aliporudi mkewe akamkuta analia. Hakuwahi kumwona analia, hata siku ya kuanguka.

"Kuku wa maskini hatagi," Fundi alisema, akijifuta uso kwa kiwiko. "Akitaga haangui."

"Usimalizie," Palizi alisema.

"Nisimalizie nini? Mwewe kashapita."

Yule kijana wa jikoni hakuwa na roho mbaya. Alimwona Palizi akikodolea macho sufuria ya mnavu siku ya kupeleka mafungu, akamwambia, "Mama, mimi haya maji namwaga. Ukitaka chukua." Palizi akayachukua kwenye dumu la mafuta ya kula, yale maji ya kwanza, ya kijani kibichi. Kofia alilifungua dumu, akanusa, akalifunga, akampisha. Nyumbani aliyapasha moto, akatia chumvi nyingi, akaponda kiazi ndani yake, akamkalisha mama mkwe na kumlisha.

Bibi alishika kijiko cha kwanza mdomoni kwa muda. Kisha akakitema kwenye kiganja chake, taratibu, kwa heshima, asimuudhi mkwewe.

"Haya ni maji ya kumwaga, mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Si nilikufundisha?"

"Ulinifundisha, mama. Nisamehe."

Siku zilizofuata bibi aliacha kuja kukaa mlangoni. Alilala akitazama ukutani, mwepesi kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Uji aliunywa vijiko viwili, akageuka. Mjukuu wake alimuuliza, "Bibi, unataka nini?" Bibi akasema hataki makubwa, anataka mboga tu, hata konzi moja, apate ladha mdomoni. Palizi alikuwa anafunga kanga aende kazini. Alisikia, akajifanya hajasikia, akatoka.

Njiani hakuwa amekusudia makubwa, na atakayewaambia kwamba alikusudia ni mwongo. Alikusudia kuiba konzi moja, aifiche kifuani, ambako Kofia hawezi kupekua. Alifika nyuma ya tangi, akainama. Majani yalikuwa yamesimama kwa umande, manene, hayajawahi kupendeza vile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyalea. Kreti zilikuwa tayari zimewekwa pembeni zinangoja. Akashika shina la kwanza. Kidole kilitafuta pa kukata, kama kilivyozoea, na mkono ukakataa. Ukashuka mpaka chini kabisa, ukashika shingo ya gugu, ukavuta. Likatoka na mizizi yake, na udongo, na vitoto vyake vyote.

Akavuta la pili.

Aliingiwa na hasira ambayo hakuijua, hasira ya miezi yote ile, ya magoti kwenye kokoto na keki yenye meno, na ya ahsante zote alizozisema. Alichukua jembe. Alilima pale nyuma ya tangi kama mtu anayelipwa kwa haki. Aligeuza udongo, akaokota vimizizi vilivyobaki, akavikung'uta, akavitupa kwenye lundo. Kisha akahamia kwenye vitalu, gugu kwa gugu, mpaka vikabaki vyekundu na vitupu, na mboga mbili za paketi za Madamu zilizonusurika kukauka zikiwa zimesimama peke yake kama yatima. Katika maisha yake yote ya kibarua hajawahi kupalilia vizuri namna ile.

Madamu alitoka na kikombe cha chai. Alikitazama kitalu kimoja kimoja.

"Umefanya nini?"

"Nimepalilia, Madamu," Palizi alisema. Alikuwa anahema. "Si ndiyo kazi yangu?"

Kijana wa jikoni alichungulia dirishani, akarudisha kichwa ndani. Kofia alikuja mbio, akasimama katikati, hajui amshike nani. Palizi alingoja matusi, alingoja hata kofi, na angekuwa na jibu la vyote viwili. Lakini Madamu alilitazama lile lundo, mizizi juu, majani yamejaa udongo, hayafai tena kreti wala mkahawa. Akanywa chai yake kidogo.

"Mwache aondoke nayo yote," alimwambia Kofia. "Yatamtosha leo. Kesho asije."

Kofia alimsaidia kushindilia. Vilijaa viroba viwili, akambebesha kimoja kichwani na kingine mkononi, akafungua geti lote, kama linavyofunguliwa kwa gari. "Dada," alisema. Akalishikilia geti mpaka akapita.

Majani ya namna ile hayalali, yakilala yananyauka. Kwa hiyo Palizi alipika yote. Aliazima sufuria kubwa kwa jirani, ikabidi jirani naye aitwe ale, na wa chumba cha tatu, na watoto wao. Chumba kilijaa watu na mvuke. Tangu Fundi alazwe pale hapakuwahi kusikika kicheko cha namna ile. Mtoto mdogo alikuwa kijani mpaka kwenye nyusi. Msichana alimwambia shoga yake kwa sauti kwamba mama yake anafanya kazi kwenye bustani kubwa, na mboga kwao ni kitu cha kawaida.

Mama mkwe alikalishwa, mto mgongoni. Kiazi kilichopondwa na majani kiliteremka kooni bila kikohozi, bakuli la kwanza likaisha, akaomba la pili. Rangi ilimrudi usoni. Alikula akiwa amefumba macho.

Fundi alikuwa amesogezwa hadi ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani, anawatania majirani kwamba wanakula kama waliotumwa. Katika kugeuka akaliona karai mlangoni, lile ambalo Palizi alikuwa akitupia uchafu wa mboga. Limejaa mizizi. Mizizi mirefu, ya mashina makubwa na ya vimiche, yote na udongo wake. Fundi aliyajua maneno ya mama yake tangu utotoni. Alilitazama lile karai, akamtazama mkewe, na Palizi akainamisha kichwa juu ya sufuria. Tonge la Fundi likabaki mkononi.

"Kwa hiyo wamekurudishia," mama mkwe alisema, akifumbua macho. "Nilijua. Mtu akishaijua kazi yako hawezi kukutupa." Akamnyooshea mkwewe bakuli tupu. "Ila leo mnavu umetia kidogo, mwanangu. Kesho utuletee mwingi."

Palizi aliinua upawa, akaukwangua kwenye sufuria iliyokwisha, akakwangua tena.

"Ataleta, mama," Fundi alisema. "We kula."